Askari Aliyedai Mshahara Wake: Maisha ya Mahjub bin Adam

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za wakuu: wafalme, maaskofu, wavumbuzi na majemadari. Leo naomba ruhusa nisimulie maisha ya mtu ambaye hakuwa mkuu. Hakupata cheo kikubwa, hakujenga nyumba, wala hakuacha mali. Alikuwa askari, mtoto wa askari. Alizaliwa Dar es Salaam, akafa kifungoni huko Ujerumani. Hata hivyo habari zake zimeandikwa vitabuni na kuonyeshwa katika filamu, na jina lake limechorwa katika barabara moja ya mji wa Berlin.

Nilipowasimulia wenzangu darasani habari za mtu huyu, tuligawanyika. Wengine walimhurumia. Wengine walisema kwamba alijitakia mwenyewe, kwa kuwa aliwatumikia mno watu waliomtawala. Ubishi ulikuwa mkubwa hata kengele ikalia hatujamaliza. Kwa hiyo nitaeleza mambo yake tangu mwanzo, kisha nitasema ninavyoona mimi, na kila msomaji atakata shauri lake.

Kuzaliwa Kwake

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Siku zile nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania bara, ilikuwa koloni la Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita. Baba yake alikuwa Msudani.

Pengine msomaji atauliza, Msudani alifikaje Dar es Salaam? Yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walikataa kutawaliwa na kampuni ya Wajerumani, wakashika silaha. Serikali ya Ujerumani ikamtuma mtu aliyeitwa Hermann Wissmann aende akapigane nao. Wissmann hakuja na jeshi kubwa la Wazungu. Mwaka 1889 alipitia Misri, akaandikisha mamia ya askari wa Kisudani, akawaleta pwani kwa meli. Hao ndio waliokuwa msingi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Baadaye walioa, wakazaa, wakafanya nchi ile kuwa kwao. Cheo cha juu kabisa alichoweza kupata Mwafrika katika jeshi hilo kiliitwa efendi, na baba yake Mahjub alikuwa efendi.

Mtoto wa efendi alikuwa na heshima yake mjini. Mahjub alijifunza Kijerumani angali mdogo, na kabla ya vita alikuwa Lindi akifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo. Kama mambo yangeendelea hivyo, huenda angekuwa karani mkubwa, akazeeka kando ya bahari, akafa kati ya jamaa zake. Lakini vita viliingia.

Vitani

Vita Kuu ya Kwanza vilianza mwaka 1914. Baba na mwana wote wawili waliingia jeshini. Ndugu msomaji, fanya hesabu: Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi. Katika umri huo wengi wetu tulikuwa tukifukuzwa kutoka mtoni na mama zetu kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Yeye alifundishwa kazi ya kupeleka habari kwa ishara, kazi ambayo Wajerumani waliwapa vijana wepesi wa macho na wa akili.

Mkuu wa jeshi hilo alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Mwezi wa Novemba 1914 aliwashinda Waingereza waliotaka kuteka Tanga, ingawa walikuwa wengi kuliko watu wake mara nyingi. Baada ya hapo alijua kwamba hawezi kushinda vita vyote, ila anaweza kuvirefusha. Alirudi nyuma na kupiga, akarudi tena na kupiga, kutoka kaskazini mpaka kusini, ili Waingereza walazimike kuweka askari wengi Afrika badala ya kuwapeleka Ulaya.

Ufundi huo wa vita ulimpatia sifa kubwa kwao. Lakini gharama yake ililipwa na watu weusi. Kila jeshi lilihitaji wapagazi kuliko askari, kwa maana mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na barabara hazikuwapo. Wapagazi walikufa kwa maelfu na maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam na mtaa wa Kariokor wa Nairobi hata leo una jina la jeshi hilo la wapagazi wa Waingereza. Vijijini majeshi yalichukua chakula, na njaa ikafuata nyuma yao.

Sisi wa huku Uganda tusidhani kwamba habari hizi hazituhusu. Babu zetu walikuwa upande wa pili wa bunduki. Waganda, Waacholi, Walango na wengine walipigana katika King's African Rifles chini ya Waingereza. Hawakuwa na ugomvi na mtu wa Lindi, wala mtu wa Lindi hakuwa na ugomvi nao. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi yalikutana mahali paitwapo Mahiwa, upande wa bara wa Lindi. Walipigana siku nne, tangu tarehe 15 hata 18. Katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki, hapakuwa na mapigano makali kuliko hayo. Upande wa Waingereza walikuwako hata askari kutoka Nigeria. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na walioumia. Wajerumani walipoteza wachache kuliko hao, lakini hawakuwa na njia ya kupata wengine wala ya kupata risasi mpya. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, akawaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake.

Katika vita hivyo vya Mahiwa Mahjub alijeruhiwa. Akaangukia mikononi mwa Waingereza, wakamfanya mfungwa wa vita. Alikuwa na miaka 13. Hicho kilikuwa kifungo chake cha kwanza, nacho kilikwisha akiwa hai.

Jeshi la Wajerumani lilisalimisha silaha zake tarehe 25 Novemba 1918, katika mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Naomba wasomaji waikumbuke tarehe hiyo.

Deni

Baada ya vita Wajerumani walinyang'anywa makoloni yao yote, na Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza. Askari wa zamani wa Wajerumani walibaki kama yatima. Mbaya zaidi, wengi wao walikuwa hawajalipwa. Katika miaka ya mwisho ya vita fedha ilikuwa imekwisha, na askari walipewa ahadi kwamba watalipwa baadaye.

Mahjub alitafuta riziki baharini. Alifanya kazi ya uboi katika meli za abiria, na tangu mwaka 1925 alikuwa mtumishi wa mezani katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizosafiri kati ya Ulaya na Afrika ya Mashariki. Akaiona dunia, akakizoea zaidi Kijerumani, akajua tabia za Wazungu wakiwa wamevaa vizuri na wakiwa wamelewa.

Mwaka 1929 alishuka melini akaenda Berlin. Hakwenda kutembea. Alikwenda katika Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake wa miaka ya vita, pamoja na ule wa baba yake. Hebu mfikirie kijana wa miaka 25, mtu mweusi peke yake katika mji mkubwa wenye baridi, akipanda ngazi za ofisi ya serikali kudai haki ya marehemu utoto wake. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: amechelewa, muda wa kudai umekwisha pita. Ni kweli Wajerumani walikuwa wamekwisha kulipa baadhi ya askari kule Tanganyika. Lakini mtu aliyekuwa baharini alihesabiwa kuwa amepoteza haki yake.

Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tumefundishwa kwamba ujira wa mtu haufai kulala usiku mmoja mkononi mwa tajiri wake. Ujira wa Mahjub ulilala miaka kumi na zaidi, na mwisho wake ukafutwa kwa kalamu.

Maisha ya Berlin

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alipata kazi ya utumishi katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland, ambamo watu walikwenda kula, kunywa na kusikiliza muziki. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa msichana aliyeitwa Maria, mtu wa jamii ya Wajerumani waliokaa katika nchi ya Czechoslovakia. Siku tatu tu baada ya arusi hiyo, tarehe 30 Januari, Adolf Hitler alifanywa waziri mkuu wa Ujerumani.

Wasomaji wanajua Hitler na chama chake walifundisha nini. Walisema watu wa damu ya Kijerumani ni bora kuliko wengine wote. Adui yao wa kwanza walikuwa Wayahudi, lakini mtu mweusi naye hakuwa na mahali pake. Mwaka 1935 walitunga sheria za kukataza ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na muda si mrefu wakaeleza kwamba sheria hizo ziliwahusu watu weusi pia. Mwaka huohuo Mahjub, au Husen kama alivyoitwa sasa, alichongewa na wafanyakazi wenzake akapoteza kazi yake.

Hapo ndipo maisha yake yalipokuwa ya ajabu. Serikali ile ilimdharau, lakini ilimhitaji. Wajerumani wengi walitamani kurudishiwa makoloni yao, na askari mweusi mwenye sare alikuwa shahidi mzuri wa kuwaonyesha watu kwamba Waafrika waliwapenda Wajerumani. Basi Husen alikuwa akivaa sare ya askari na kuhudhuria mikutano ya watu hao. Mwaka 1934 serikali ilipotoa nishani kwa wote waliopigana katika Vita Kuu, aliomba naye apewe yake. Alikataliwa. Akaenda kwa muuza vitu vya kijeshi akainunua mwenyewe, akaibandika kifuani.

Kwa miaka kadhaa alishiriki katika maonyesho yaliyozunguka miji ya Ujerumani, ambamo Waafrika walicheza ngoma na kujionyesha mbele ya watu waliolipa kiingilio. Maonyesho hayo yaliwapa riziki watu waliofukuzwa kila kazi nyingine, na wakati huohuo yaliiwezesha serikali kuwachunga. Yalifungwa mwaka 1940.

Aliigiza pia katika filamu. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, mara nyingi kama boi, mpagazi, mchukuzi wa hoteli au askari. Filamu moja ya mwaka 1934 ilihusu vita vya Afrika ya Mashariki, vita vilevile alivyopigana utotoni. Safari hii alilipwa.

Mwalimu wa Kiswahili

Liko jambo moja katika maisha yake ambalo linatugusa sisi tunaosoma kurasa hizi. Huko Berlin, katika Chuo Kikuu, palikuwa na idara ya kufundisha lugha za ng'ambo, na Kiswahili kilikuwa kimefundishwa hapo tangu siku za ukoloni. Husen alifanywa msaidizi wa mwalimu. Wanafunzi wake walikuwa wataalamu wa lugha na watu waliojiandaa kwenda kutawala makoloni ambayo Ujerumani ilitumaini kuyapata tena. Yeye ndiye aliyewatamkia maneno na kuwarekebisha ndimi zao.

Kwa hiyo mtoto wa Dar es Salaam alikuwa mwalimu wa Wazungu katika moja ya vyuo mashuhuri vya Ulaya. Lakini tusifurahi upesi. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na heshima aliyopewa ilikuwa ndogo kuliko mshahara. Kazi hiyo iliisha mwaka 1941.

Vita Kuu ya Pili vilipoanza mwaka 1939, Husen alifanya jambo lililotushangaza sote darasani. Aliomba kuingia katika jeshi la Ujerumani. Huenda aliona kwamba akivaa sare ya kweli hakuna atakayethubutu kumgusa yeye na jamaa yake. Huenda pia aliamini bado kwamba utumishi mwema hatimaye hulipwa. Vyovyote iwavyo, alikataliwa.

Filamu ya Mwisho

Filamu yake ya mwisho ilitolewa mwaka 1941, nayo iliitwa Carl Peters. Huyo Carl Peters ndiye aliyezunguka bara mwaka 1884 akiwatia machifu sahihi katika karatasi wasizozifahamu, na kwa karatasi hizo Ujerumani ikadai nchi. Alikuwa mkatili hata watu wa Tanganyika wakamwita Mkono wa Damu. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga kule Kilimanjaro. Lakini wafuasi wa Hitler walimgeuza kuwa shujaa, wakamtengenezea filamu.

Husen alipewa sehemu ya mtumishi mwaminifu na mwongoza njia wa Peters. Waafrika wengine walioonekana katika filamu hiyo, baadhi yao walikuwa wafungwa wa vita. Walikuwa askari weusi wa jeshi la Ufaransa waliotekwa mwaka 1940, wakatolewa kambini kwao wakaambiwa waigize. Basi mbele ya kamera walisimama askari wa Ufaransa waliokuwa wafungwa, na askari wa zamani wa Ujerumani ambaye hakujua kwamba kifungo chake mwenyewe kilikuwa karibu.

Siku hizo za kutengeneza filamu, Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani asiyekuwa mke wake. Sitaki kulificha jambo hilo, wala sitaki kulisifu. Alikosa mbele ya mkewe. Lakini serikali haikujali machozi ya mkewe. Iliona kosa moja tu, kwamba mtu mweusi amemgusa mwanamke mweupe. Mtu alimshtaki, na mwezi wa Agosti 1941 alikamatwa na polisi wa siri walioitwa Gestapo.

Kifungo cha Pili

Hakupelekwa mbele ya hakimu. Hakuwekewa wakili, wala hakuambiwa atafungwa muda gani. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, iliyo karibu na mji wa Oranienburg, kaskazini ya Berlin.

Kambi hiyo ilijengwa mwaka 1936, na mpaka mwaka 1945 watu zaidi ya 200,000 walipitia humo. Walikuwamo wapinzani wa serikali, Wayahudi, mapadre na wachungaji, Wapolandi, Warusi na watu wa mataifa mengi. Kila mfungwa alikuwa na namba, na kitambaa cha pembe tatu kilichoshonwa katika nguo yake kuonyesha kwa rangi kosa lake ni lipi. Kulikuwa na kiwanda cha matofali ambacho wafungwa walikiogopa kama kaburi. Palikuwa pia na njia ya kuzunguka uwanja, iliyotandazwa mawe na changarawe, ambamo wafungwa walitembezwa kutwa nzima ili kupima viatu vya jeshi vitadumu muda gani. Kati ya Septemba na Novemba 1941, majuma machache baada ya Husen kukamatwa, askari wa Urusi zaidi ya 10,000 waliotekwa vitani waliuawa humo kwa kupigwa risasi. Chakula kilikuwa kidogo, baridi ilikuwa kali, na magonjwa yaliwamaliza wale ambao kazi haikuwamaliza.

Katika mahali kama hapo Mahjub bin Adam aliishi miaka mitatu na zaidi. Wengi hawakudumu hata miezi mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Niliwaomba wasomaji waikumbuke tarehe ya kusalimisha silaha kule Mbala. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake ilikuwa imepita miaka 26 kasoro siku moja.

Maiti yake ilichomwa moto, kinyume na desturi ya watu wa kwao na ya dini ya jina lake, na majivu yake yakazikwa katika makaburi ya Reinickendorf, Berlin. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Aprili 1945, askari wa Urusi na wa Polandi waliingia Sachsenhausen wakawafungua waliobaki hai.

Watu wa pwani husema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yeye hakurejea.

Baada ya Kufa Kwake

Kwa miaka mingi hakuna aliyemkumbuka. Lettow-Vorbeck, mkuu wake wa vita, aliishi mpaka Machi 1964, akafa mzee wa miaka 93, akazikwa kwa heshima. Mwaka huohuo bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee wa Afrika ya Mashariki ambao walikuwa bado hai. Husimuliwa kwamba kule Mwanza wazee walikuja wengi, na wachache tu walikuwa na karatasi. Basi kila mmoja alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani afanye kwata, na hakuna aliyeshindwa. Mshahara alioudai Mahjub mwaka 1929, akaambiwa amechelewa, uliwafikia wenzake miaka 35 baadaye. Yeye alikuwa amekwisha kufa miaka 20.

Mwaka 2007 mwanamke mtaalamu wa mambo ya Afrika, Marianne Bechhaus-Gerst, alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake. Mwaka huohuo jiwe dogo lenye bamba la shaba lilitiwa katika njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba namba 193, barabara ya Brunnenstraße, Berlin, alikokuwa akikaa. Mawe kama hayo yamewekwa mbele ya nyumba nyingi za Ulaya, kila jiwe kwa mtu mmoja aliyechukuliwa na wafuasi wa Hitler. Mwaka 2013 filamu ilitengenezwa juu ya safari yake. Safari hii hakuwa boi nyuma ya wengine. Filamu yote ilikuwa yake.

Neno la Mwisho

Sasa nirudi katika ubishi wetu wa darasani. Je, Mahjub alijitakia?

Wenzangu waliomlaumu wana neno lao, nami silikatai lote. Sare aliyoivaa katika mikutano iliwasaidia watu waliotaka kuturudisha chini. Katika filamu ya Peters aliutoa uso wake ili mkatili aonekane mwema. Mtu akiwa na njaa husamehewa mengi, lakini jambo hilo linabaki kuwa kosa, na mimi nasikitika alilifanya.

Lakini naona kwamba wanaomwita mtumwa wa Wazungu wamesahau jambo moja. Mtumwa hadai. Huyu alidai. Alidai mshahara wake, akadai wa baba yake, akadai nishani yake. Katika miaka ile, ambapo watu wengi waliinamisha kichwa wakanyamaza, yeye aliendelea kubisha hodi katika mlango uleule, akisema kwa maombi yake kwamba aliyetumika ana haki. Kosa lake kubwa lilikuwa kudhani kwamba waliomwandikisha akiwa na miaka kumi wameweka hesabu. Hawakuweka. Waliyemwita mwaminifu katika sinema ndiye waliyemwita mhalifu alipotoka mlangoni.

Kwa sisi wanafunzi, ambao karibu tutatoka hapa kutafuta kazi, nadhani lipo funzo. Utumishi mwema ni jambo zuri, lakini tusimpe mtu yeyote utumishi wetu tukidhani kwamba upendo wetu kwake utafanya kazi ya mkataba. Tuulize mapema, tuandike, tudai siku ya kudai.

Na kwa ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, ambao leo mna ofisi, mashamba na watu chini yenu, kwa heshima zote mimi mtoto wenu naomba mkumbuke askari huyu mnapofika mwisho wa mwezi. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa angali hai mwenye kudai.